Shajara ya mradi: harufu ya zabibu, juisi ya Mpunguzi na ndege wa mjomba

Machi

Mavuno ya kwanza ya mwaka yamekwisha. Juisi imepashwa hadi nyuzi 80, imejazwa chupani ikiwa bado ya moto, na makreti yako stoo. Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo nina nafasi mpaka Agosti kushughulikia jambo ambalo limenikera tangu nianze kuuza: wateja wanasema juisi yangu haina zabibu.

Mwenye duka mmoja Majengo aliniambia bila kunizungusha, "Dada, tamu ni tamu. Ila wanasema umeweka sukari na rangi, zabibu hawaisikii." Nami najua kilichomo. Ni zabibu nyekundu ya Makutupora kutoka shamba la mjomba kule Mpunguzi, iliyosoma 20 kwenye rifraktomita, kifaa cha kupimia sukari ya tunda, siku ya kukata, haina tone la maji wala sukari ya kuongeza. Nilimwonyesha hata vile vichembe vinavyong'aa chini ya chupa, ambavyo ni chumvi ya tartari inayojitenga yenyewe zabibu halisi ikipoa. Akasema wateja wanadhani ni vioo.

Nikaanza kuuliza watu wanakusudia nini wanaposema "zabibu". Majibu yote yanaelekea sehemu moja: pipi ya zambarau, unga wa juisi wa pakiti, lambalamba, soda. Mtoto wa mjini hapa anapita kila siku kwenye beseni za zabibu barabara ya Iringa, lakini harufu anayoijua kwa jina hilo kaipata kwenye pipi. Mradi wenyewe ndio huu: kuijua harufu ile ni kitu gani, kisha kuamua kama inaingia kwenye chupa yangu au haiingii.

Aprili

Ni kitu kimoja. Nilitegemea mchanganyiko wa mambo ishirini, kumbe pipi ya zabibu inasimama karibu yote juu ya kemikali moja, methili anthranileti. Dada mmoja anayesoma kemia Chuo Kikuu cha Dodoma alinichorea kwenye daftari: pete ya benzini, upande mmoja kikundi cha amini, jirani yake esta ya methili. Fomula ni C8H9NO2. Ni molekuli ndogo, ndiyo maana inaruka hewani na kufika puani upesi. Pua ya binadamu inainasa ikiwa sehemu chache tu kwa bilioni ndani ya maji.

Kilichonifungua macho ni asili yake. Harufu hiyo ni ya zabibu ya Marekani, Vitis labrusca na machotara wake, hasa aina iitwayo Concord. Ephraim Wales Bull aliipata mwaka 1849 kutokana na mbegu aliyoiotesha kwake mjini Concord, Massachusetts. Mwaka 1869 daktari wa meno Thomas Welch, wa Vineland, New Jersey, akapasha juisi ya Concord ndani ya chupa isichachuke, na biashara ya juisi ya zabibu Marekani ikaanzia hapo. Mwaka 1921 wakemia wawili, Power na Chesnut, wakaonyesha kwamba methili anthranileti imo ndani ya juisi ya zabibu hiyo. Viwanda vikapata njia rahisi: ukiwa na kemikali hiyo, huhitaji tena zabibu. Ndivyo pipi za dunia nzima zilivyopata harufu ya Massachusetts.

Zabibu zetu ni ukoo mwingine. Makutupora nyekundu, Chenin Blanc, Syrah, zote ni Vitis vinifera, jamii ya Ulaya na Asia Magharibi, ile ile ambayo wamisionari waliipanda Bihawana. Vinifera haina methili anthranileti, au inayo kidogo mno kiasi kwamba huisikii. Kwa hiyo mteja wa Majengo hasemi uongo, harufu anayoitafuta haimo kweli. Na haitakuwamo hata nikikamua shamba zima la mjomba ndani ya glasi moja.

Mei

Nimeagiza. Kwanza nilinunua chupa ya arki ya zabibu ya kawaida kutoka Kariakoo, ile ya kuokea keki na kutengenezea lambalamba. Lebo ilisema "ladha ya zabibu" na rangi, basi. Huwezi kupima unachokiweka kama hujui chupa ina nini na kiasi gani. Nikaomba kemikali yenyewe ya daraja la chakula. Kwa yeyote atakayefuata njia hii: usiagize kwa jina peke yake, majina ya wauzaji yanacheza. Agiza kwa namba ya CAS, yaani namba ya utambulisho ya kemikali, 134-20-3, na uombe cheti cha uchambuzi cha mzigo huo huo. Muuzaji pia awe amesajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Usikubali chupa iliyomiminwa nyuma ya kaunta.

Kuna aliyeniuliza kwa nini nisitengeneze mwenyewe, kwa kuwa kwenye karatasi ni asidi ya anthranili, methanoli, asidi kidogo ya kuharakisha, na moto. Jibu langu ni fupi. Asidi ya anthranili imo kwenye orodha ya kemikali zinazodhibitiwa na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988, kwa sababu ndiyo malighafi ya mandrax, dawa ya kulevya. Sitaki kugongewa mlango saa kumi alfajiri kwa ajili ya juisi.

Juni

Baridi imeingia, na chupa imegeuka jiwe. Methili anthranileti huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Mchana ni mafuta mazito yenye umanjano wa mbali, usiku wa Dodoma wa Juni unashuka hadi kumi na kitu, na asubuhi nakuta fuwele zimejaa kuanzia chini hadi shingoni. Chupa naiweka kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu kabla ya kupima. Ukichota kabla haijayeyuka yote, hupati kipimo, unapata bahati.

Ikiwa imeyeyuka kwenye spiriti ina tabia ya kupendeza: chini ya mwanga wa urujuanimno (UV) inatoa bluu. Nililijua hilo kwa kusoma, nikapita kwa wakala wa pesa hapa mtaani, nikamwomba taa yake ya kukagulia noti. Tone moja kwenye kipande cha karatasi ya kuchujia, akazima balbu ya kibanda, na doa likawaka bluu iliyokolea. Akaniuliza kama na mimi natengeneza noti. Taa ya namna hiyo nimeshanunua yangu, itanifaa baadaye.

Wifi yangu, ambaye kwao ni Tanga, alinusa kifuniko na jibu lake likawa tofauti na la watu wote. "Hii asumini," alisema. "Asumini iliyolala kwenye kikapu." Yuko sahihi zaidi kuliko sisi wa pipi, maana methili anthranileti imo kwenye asumini, kwenye maua ya michungwa, na kidogo kwenye langilangi. Watengeneza manukato wameitumia kwa zaidi ya karne kulipa ua jeupe uzito wake. Wifi anatengeneza sabuni za mche, akataka tone. Nilimwonya asichanganye na arki ya vanila, akachanganya. Amini ya kemikali yangu inashikana na aldehidi ya vanila, zinazaa kitu cha rangi, na mche wake uliokuwa mweupe umekuwa wa manjano na unazidi kuelekea kahawia. Harufu ni nzuri ajabu, nakiri. Anaiuza kama sabuni ya asali.

Mwisho wa Juni, vikombe

Gramu 1 ya methili anthranileti kwenye mililita 100 za ethanoli ya daraja la chakula. Kila mililita hapo ina miligramu 10. Kwa bomba la sindano la mililita 1 naweza kuweka miligramu 2 kwenye lita ya juisi kwa kuchukua alama ya 0.2 tu. Kiasi hicho kiko ndani ya kile ambacho juisi ya Concord huwa nacho yenyewe, kwa hiyo si kwamba nammiminia mtu dawa.

Jaribio ni la vikombe vitatu: viwili sawa, kimoja tofauti, mnywaji aonyeshe kisicho na mwenzake. Walioonja ni madereva wa bodaboda wa kijiwe chetu, watoto wa jirani, mama anayeuza chakula karibu na stendi, na mzee mmoja Mgogo aliyekuwa msimamizi wa shamba la zabibu ujanani. Ilikuwa rahisi mno. Kila mtu aliking'amua kikombe hata kabla ya kunywa, kwa kukisogeza tu puani.

Nilichotaka zaidi ni maneno yao. Watoto: "Hii ndiyo zabibu!" Bodaboda mmoja alisema hiki kina zabibu nyingi, kingine kimepunguzwa maji. Mama wa stendi alikipenda puani, akakikataa mdomoni, akasema kinabaki kooni. Mzee nilimwamkia "Mbukwa", akaitika, akanywa vyote vitatu taratibu bila kusema kitu, kisha akakisukuma kile chenye tone mpaka ukingo wa meza. "Hiki umekipaka mafuta ya nywele."

Kibiashara jibu liko wazi, tone la 0.2 lingeniuzia makreti. Na si haramu. Kemikali hii inaruhusiwa kwenye vyakula kwa miongo mingi, iko kwenye nusu ya vitu vya zambarau dukani. Ila lebo ingebidi iseme ladha imeongezwa, na neno hilo likishakaa kwenye lebo, nimekuwa mshindani wa unga wa pakiti kwa bei ya mara kadhaa. Hapo sina ninachouza. Nimeamua haiingii. Badala yake lebo mpya itasema aina ya zabibu, Makutupora, na mahali ilipolimwa, kama wanavyofanya wa mvinyo. Itakuwa pia na mistari miwili kuhusu vile vichembe visivyo vioo.

Nina chupa karibu nzima iliyobaki, na haikuwa rahisi kuipata.

Julai

Sehemu hii ya mradi haikuwa kwenye mpango. Nikisoma kuhusu matumizi mengine nikakuta kwamba kemikali hii hii inafukuza ndege. Mtafiti Morley Kare alipata hataza ya kuwafukuza ndege kwa kemikali za jamii hii mwaka 1961, na moja ya kazi za mwanzo ilikuwa kuipaka kwenye chakula cha ng'ombe ili kwezi wasiibe. Ng'ombe hajali. Ndege inamuuma.

Inamuuma kweli, si kwamba hapendi harufu. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walionyesha kipokezi cha maumivu kwenye kuku kinachoamshwa nayo. Ni kinyume kabisa cha pilipili kichaa. Pilipili inatuchoma sisi na mbuzi, na ndege anaimeza na kwenda kuipanda mbali. Hii inamchoma ndege, sisi tunaitia kwenye pipi.

Sikuamini mpaka nione. Nilipaka mtama kidogo, nikaacha ukauke, nikautandaza mbele ya kuku wa kienyeji wa nyumbani. Jogoo alikuja wa kwanza kama kawaida yake. Akadonoa punje, akasimama. Akatikisa kichwa mara kadhaa, kilemba kinapigapiga huku na huku, kisha akaufuta mdomo kwenye udongo, upande huu, upande ule, kama anaunoa. Akadonoa tena, safari hii punje moja tu, akaitupa. Majike yaliyomfuata yalijifunza kwa kumtazama, yakaenda zao kuchakura jalalani. Nikamletea mbuzi sahani ile ile. Akala yote na kulamba sahani, akaniangalia kama nina nyingine.

Nikampigia mjomba.

Mjomba ana vita yake na ndege kila zabibu zinapobadilika rangi. Si kwelea kwelea, hao wanataka nafaka. Kwake ni shore, kwezi, na zaidi ya wote kuzumburu, wale wa kijivu wenye mikia mirefu wanaokuja kikundi na kuning'inia kwenye kichala kichwa chini. Kuzumburu hali punje akaimaliza. Anatoboa hii, anatoboa ile, na kila tundu linakaribisha nyigu na ukungu, mwishowe kichala kizima kinanuka siki. Mjomba amejaribu makopo, kanda za kaseti, na vijana wa kupiga kelele ambao wanalala ikifika saa tano.

"Hiyo dawa yako ya pipi," aliniambia, "ilete, mwanangu. Ila usiniulie mzabibu."

Agosti

Kabla ya yote: kiuatilifu kinachouzwa nchini lazima kisajiliwe na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Hiki ninachofanya ni jaribio la mistari michache pembeni mwa shamba letu wenyewe, na matunda yake hayaendi sokoni. Nimemweleza bwana shamba wa kata, amekuja kuona.

Kemikali hii haipatani na maji. Lita moja ya maji inayeyusha gramu 3 tu hivi, na kwa kuwa ni nzito kuliko maji inazama na kukaa chini ya bomba. Nimeiyeyusha kwanza kwenye spiriti, nikaongeza sabuni ya maji isiyo na harufu, kisha maji kidogo kidogo nikitikisa mpaka yakawa meupe kama tui. Kiwango ni gramu 10 kwa lita. Miwani ni lazima, inawasha macho vibaya. Tulipulizia jioni, upepo wa Dodoma ulipotulia.

Usiku tukarudi na taa ya noti. Mjomba alikuwa ameshaniona mwehu, lakini alinyamaza alipoona vichala vya mstari wa kwanza vinawaka bluu punje kwa punje, na pale nilipopuliza kwa haraka pamebaki giza. Taa ilituonyesha kwamba upande wa chini wa vichala, hasa anakoning'inia kuzumburu, haukupata kitu. Kesho yake jioni tukarudia kwa kuinamisha bomba.

Ndege: siku za mwanzo mistari ile ilikuwa kimya. Kundi la kuzumburu lilitua, likaonja, likahamia mstari wa jirani ambao haukupuliziwa. Hilo mjomba hakulifurahia, maana jirani ni yeye mwenyewe. Kisha nguvu ikaanza kuisha. Jua letu linaivunja na joto linairusha, na kila usiku bluu ilikuwa hafifu zaidi mpaka taa ikawa haionyeshi kitu, na ndege wakarudi kana kwamba walikuwa likizo. Majani machanga ya juu yamepata madoa ya kahawia kingoni, kiwango kilikuwa kikali kwao. Waliobobea wanaifungia ndani ya vidonge vidogo visivyoonekana kwa jicho ili itoke taratibu, lakini hicho ni kiwanda, si jiko langu.

Agosti, kukamua

Hapa ndipo suala lenyewe lilipo. Nilikata vichala kutoka mistari miwili, iliyopuliziwa na isiyopuliziwa, nikaviosha vyote kwa maji mengi, nikakamua kila kimoja peke yake, nikarudisha vikombe vitatu kwa watu wale wale. Nilisubiri mpaka taa isionyeshe bluu tena ndipo nikakata, nikitarajia ngozi itakuwa imesafika.

Haikusafika. Kemikali hii inapenda nta, na punje ya zabibu ina koti la nta. Taa yangu inahitaji doa, pua inatosheka na sehemu chache kwa bilioni. Watoto walifurahi, zabibu ya kweli imerudi. Mzee wa Kigogo hakuketi hata kidogo.

Mtengeneza mvinyo anayenunua sehemu kubwa ya zabibu za mjomba alionja na kurudisha kikombe mezani kwa adabu. Kwake harufu hiyo ni kasoro, wenzake wa Ulaya wanaifananisha na mbweha, na pipa moja lenye hiyo linaweza kurudisha mzigo wote. Alimwambia mjomba waziwazi: ukipulizia, usiniletee. Mjomba hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mimi pia, baada ya kukataa kuitia kwenye juisi kwa sindano, siwezi kuiruhusu iingie kwa bomba la mgongoni.

Septemba

Kwenye zabibu imefungwa. Mjomba ameagiza neti kwa mistari ya upande wa korongo ambako kuzumburu wanalala. Neti ni ghali, ila inalipiwa mara moja na inatumika misimu kadhaa.

Kwenye mtama bado naona njia. Shangazi analima Hombolo, na huko adui ni kwelea kwelea. Kundi likiwa kubwa serikali inaleta ndege ya kunyunyizia sumu kwenye malalio yao, na sumu hiyo haichagui: inaua na mwewe anayekuja kula mizoga. Kundi dogo, lile la asubuhi na jioni, ni la shangazi na wajukuu wake na kombeo. Punje ya mtama haina kazi ya kuwa mvinyo, inaanikwa juani, inapetwa, inakobolewa, na ugali unapikwa kwa moto mkali. Nataka kujua kama harufu inabaki baada ya safari hiyo. Nimepaka kilo chache za mtama wa ghalani, zinaanikwa sasa juu ya bati, na wiki ijayo mama wa stendi atapika ugali wa aina mbili bila kuambiwa upi ni upi.

Zikipita hapo, tutajaribu kipande kidogo cha shamba la shangazi mtama utakapoanza kujaza maziwa, kwa nusu ya kiwango cha Agosti ili majani yasiungue. Bwana shamba ameomba aitwe siku hiyo. Lebo mpya za juisi zimetoka kwa mchapaji juzi, na mwenye duka wa Majengo amechukua kreti mbili kwa mkopo.